Saa ya kompyuta imekosea? Pima kwanza imekosea kwa kiasi gani

Hapa Tanga, mtu akileta kompyuta yenye saa mbovu, kwa kawaida ameshapewa jibu huko alikotoka: badilisha betri. Anainunua, inawekwa, kesho yake asubuhi saa imekosea tena. Betri husingiziwa mno. Ipo siku ndiyo yenye kosa, na siku hiyo inajulikana kwa dalili zake, lakini kuna makosa mengine ya saa ambayo hata ukiweka betri mpya kila wiki hayataondoka.

Kinachokuonyesha sababu ni ukubwa wa kosa. Saa iliyorudi nyuma miaka ina ugonjwa wake. Iliyopishana kwa masaa matatu kamili ina wake. Iliyochelewa dakika nne tangu mwezi uliopita ni habari nyingine kabisa. Kwa hiyo kabla hujashika bisibisi, chukua simu iliyopata saa kutoka kwenye mtandao, iweke karibu na skrini, uandike: kompyuta iko mbele au nyuma, na kwa kiasi gani hadi dakika. Karatasi hiyo itakuokolea nusu ya kazi.

Nitazungumzia zaidi Linux, na Windows pale inapokaa nayo kwenye mashine moja.

Mashine moja, saa mbili

Ndani ya kompyuta kuna saa mbili, na karibu kila utata unatokana na kuzichanganya.

Ya kwanza ni saa ya maunzi, RTC. Ukoo wake kwenye PC unaanzia chipu ya Motorola MC146818 iliyokuwamo ndani ya IBM PC AT ya mwaka 1984, na mpaka leo bodi za PC zinaiga namna ile ile ya kusomwa, kupitia milango ya 0x70 na 0x71. Inaendeshwa na kristali inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ukiigawa kwa mbili mara 15 unabaki na moja, ndiyo maana ilichaguliwa: saketi rahisi tu inatosha kupata sekunde kamili. Umeme ukikosekana, inalishwa na betri ya CR2032.

Ya pili ni saa ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux. Hii ni hesabu ya sekunde zilizopita tangu saa sita usiku ya 1 Januari 1970 kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia nzima. Inaishi kwenye RAM, na mashine ikizimwa inapotea yote.

RTC ni kama mlinzi wa usiku anayekaa na ufunguo wenye nyumba wakiwa wamelala. Kerneli ikiamka inamuuliza saa ngapi, mara moja, kisha inaendelea yenyewe kwa kutumia kihesabio cha haraka zaidi, aghalabu TSC kilicho ndani ya CPU. Mashine ikisinzia na kuamka, kerneli huiuliza RTC tena ili ijue imelala muda gani. Halafu, saa ya kerneli ikishathibitishwa na seva za NTP, zile zinazotoa saa sahihi kupitia mtandao, inaandikwa kwenye RTC kila baada ya dakika 11 hivi. Bila uthibitisho huo kerneli haiandiki kitu, na hapo naona waandishi wake walifikiri vizuri sana: saa isiyo na uhakika haina haki ya kuiharibu saa nyingine.

Kazi hii ina ulaini wake. RTC hubadilisha tarakimu zake mara moja kwa sekunde, na ukiisoma katikati ya mabadiliko, pale 10:59:59 inapogeuka 11:00:00, unaweza kuambulia 10:00:00 au mchanganyiko mwingine usiokuwepo. Ndiyo maana kuna biti maalumu inayowaka kuonya kwamba mabadiliko yako njiani, na kerneli lazima iitazame kabla ya kuamini inachosoma. Kuandika nako kuna utaratibu. Chipu za ukoo huu zikishaandikiwa, sekunde inayofuata hupiga baada ya nusu sekunde. Kwa hiyo kerneli husubiri katikati ya sekunde ndipo iandike. Ukiona programu ya mtu inaandika RTC ovyo na saa inapishana kwa nusu sekunde kila mara, umeshajua kwa nini.

Amri za kuanzia

Anza na hii:

```
timedatectl
```

Kwenye mashine iliyo sawa ya hapa kwetu utaona hivi:

```
      Local time: Thu 2025-03-06 10:20:14 EAT
  Universal time: Thu 2025-03-06 07:20:14 UTC
        RTC time: Thu 2025-03-06 07:20:14
       Time zone: Africa/Dar_es_Salaam (EAT, +0300)
System clock synchronized: yes
     NTP service: active
 RTC in local TZ: no
```

Mstari wa RTC unatakiwa ulingane na wa UTC. Saa ya ukutani, mstari wa `Local time`, iwe mbele yao kwa masaa matatu.

Kisha `sudo hwclock --show --verbose`. Hilo neno la mwisho usiliache. Bila hilo, `hwclock` hukuonyesha saa iliyokwisha kugeuzwa kuwa ya hapa, hata kama ndani ya chipu kuna UTC, na unaweza kupoteza mchana mzima ukidhani RTC ina saa ya ukutani. Amri ya tatu ni `sudo dmesg | grep -i rtc`. Tafuta mstari unaosema `setting system clock to`, ambao ni ushahidi kwamba kerneli iliisoma RTC ilipowaka. Ukikuta `hctosys: unable to open rtc device`, kerneli ilibisha hodi ikakosa mtu wa kufungua. Ama dereva haikuwa tayari kwa wakati, ama chipu haipo.

Imekosea kwa masaa matatu kamili

Dakika ziko sawa, ila saa imepishana tatu. Acha betri ilipo. Betri iliyokufa haiwezi kukosea kwa masaa matatu kamili.

Tanzania iko UTC+3 mwaka mzima. Tofauti hiyo ikitokea, kuna mahali hesabu ya ukanda wa saa imefanywa mara mbili au haikufanywa kabisa. Uliza kwanza: je, iko mbele au iko nyuma?

Kama ni Linux na iko mbele, karibu kila mara kuna Windows pembeni. Chukua kompyuta ya stesheneri kule Ngamiani, yenye Windows kwa kuchapa barua na Ubuntu kwa kijana anayejifunza programu. Windows inaamini RTC ina saa ya ukutani. Linux inaamini ina UTC. Saa saba mchana Windows inazimwa na kuacha 13:00 ndani ya chipu. Kijana anawasha Ubuntu, kerneli inasoma 13:00, inaichukua kuwa UTC, na skrini inaonyesha 16:00, yaani saa kumi jioni jua likiwa bado utosini. Intaneti ikipatikana, NTP inairekebisha, na kerneli kwa nia njema inaandika 10:00 kwenye RTC. Mwenye duka akirudi Windows anakuta saa nne asubuhi. Kila upande unarekebisha kwa uaminifu na kuuharibia mwenzake, na mteja anasema saa inarukaruka.

Dawa ninayoipenda ni kuifundisha Windows UTC. Fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike:

```
reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f
```

Washa upya, ingia Linux, iache ipate NTP na kuandika RTC, kisha rudi Windows uone.

Njia ya pili ni kuilazimisha Linux ifuate Windows, kwa `timedatectl set-local-rtc 1`. Inafanya kazi, na yenyewe itakupa onyo. Baadhi ya mafundi wenzangu husema hakuna ubaya, kwa kuwa sisi hatusogezi saa mbele na nyuma kwa misimu kama Ulaya, na huko ndiko saa ya ukutani ndani ya RTC inakoleta balaa zaidi. Ni kweli balaa hilo hatuna. Bado siiungi mkono. Kerneli inapowaka haijui ukanda wowote. Ukanda unasimamiwa na programu za juu, na faili zake ziko kwenye diski ambayo wakati huo huenda hata haijafunguliwa. Kwa hiyo tangu kuwaka hadi programu hizo zije kuiambia, kerneli inaamini ni masaa matatu baadaye. Logi, yaani kumbukumbu za matukio, za mwanzo zinapigwa muhuri wa wakati ujao, na ukaguzi wa diski unafanyika ndani ya wakati huo wa uongo. Baadaye saa inavutwa nyuma ghafla. Ukija kutafuta kilichotokea usiku umeme ulipokatika, logi zitakuwa zimepandana. UTC ndani ya chipu inaondoa yote hayo, na ukanda unabaki kuwa suala la maonyesho tu.

Kujua mashine imewekwa vipi, soma mstari wa tatu wa `/etc/adjtime`. Utakuta `UTC` au `LOCAL`. Faili lisipokuwepo, inachukuliwa ni UTC.

Sasa, Linux ikiwa nyuma kwa masaa matatu, kuna sababu mbili, na ni rahisi kuzitenganisha. Tazama mstari wa UTC kwenye `timedatectl`, ulinganishe na saa ya simu ukiitoa tatu. Ukilingana, saa yenyewe ni nzima na ukanda ndio haukuwekwa, jambo la kawaida kwenye seva mpya. Andika `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam` na kazi imekwisha. Tafadhali usiisogeze saa kwa mkono hapa. Ukiisogeza, namba kwenye skrini itapendeza, lakini UTC itakuwa imeharibika, na siku mtu akija kuweka ukanda sahihi saa itaruka mbele tatu bila mtu kuelewa.

UTC nayo ikiwa nyuma kwa tatu, soma sehemu inayofuata.

Imekosea kwa masaa sita

Hili kosa ni la kwetu watu wa pwani na bara, huwezi kulikuta kwenye mwongozo wa kiwanda. Mtu ameingia BIOS, mipangilio ya bodi inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka, saa mbili na robo asubuhi, akaandika 02:15, kwa sababu ndivyo saa yake ya mkononi inavyosoma. Kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Saa mbili na robo asubuhi kwake ni 08:15. Kwenye Windows kosa linaonekana wazi: nyuma kwa masaa sita.

Kwenye Linux yenye UTC linajificha. RTC ina 02:15, kerneli inaichukua kuwa UTC, inaongeza tatu, skrini inaonyesha 05:15. Saa halisi ni 08:15. Kosa linaonekana la masaa matatu, na fundi anakimbilia ukanda, anabadili huku na huku bila mafanikio. Kinachombaini mkosaji ni mwelekeo. Linux ikiwa mbele kwa tatu, RTC ina saa ya ukutani. UTC yake ikiwa nyuma kwa tatu, mtu ameandika saa ya Kiswahili ndani ya BIOS.

Na ikiwa aliyeandika alifanya hivyo usiku, saa mbili usiku, tarehe ya leo na 02:00, kosa kwa Windows linakuwa masaa 18 na siku inaonekana ni ileile. Usishangazwe na namba kubwa. Igawe kwa sita uone.

Ukilazimika kuweka saa kwa mkono ndani ya BIOS ya mashine ya Linux, chukua saa ya simu ya mtindo wa masaa 24 uondoe tatu. Saa mbili asubuhi inaandikwa 05:00. Ukishindwa kukumbuka, usiingie BIOS kabisa. Weka saa ndani ya Linux kwa `sudo timedatectl set-time`, ukiwa umezima NTP kwanza, nayo itaipeleka kwenye RTC kwa hesabu sahihi.

Tarehe imerudi nyuma miezi au miaka

Hapa ndipo betri inapostahili kushukiwa. Lakini mara nyingi hakuna anayelalamikia saa. Watu hulalamikia vitu vingine. Kivinjari kinakataa tovuti zote za `https` kwa `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`, kwa kuwa vyeti vinaonekana bado havijaanza kutumika. `apt update` inasema faili ya `Release` `is not valid yet`. `make` inalalamika `Clock skew detected`. Au mashine inasimama ikiwaka, na `e2fsck` inasema `Superblock last mount time is in the future`. Ukiona lolote kati ya hayo, tazama tarehe kabla ya kugusa kitu kingine.

Usitarajie kila mara kuona 1970. BIOS nyingi hurudi kwenye tarehe ya kutengenezwa kwake. Linux yenye systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, nayo haikubali saa iliyo nyuma ya siku systemd yenyewe ilipotengenezwa: inaisogeza mbele na kuandika `System time before build time, advancing clock`. Tena `systemd-timesyncd` huweka alama ya wakati kwenye faili ndani ya `/var/lib/systemd/timesync/`, na ikiwaka haikubali kurudi nyuma ya hapo. Matokeo yake ni dalili inayowachanganya wengi: saa haikurudi 1970 wala 2000, imechelewa tu kwa muda uleule mashine iliokuwa imezimwa. Ulizima jioni saa kumi na mbili, unawasha asubuhi, inakuambia bado ni saa kumi na mbili jioni. Saa iliyochelewa kiasi hicho hasa ni ya RTC isiyotembea mashine ikiwa imezimwa.

Jaribio lake ni hili. Weka saa sahihi, zima mashine bila kuchomoa waya, subiri, washa. Kisha rudia ukiwa umezima na kwenye soketi ya ukutani. Waya ukiwa na umeme, bodi huilisha RTC kwa umeme wa akiba, na betri haifanyi kazi. Saa ikikaa vizuri mara ya kwanza na kuharibika mara ya pili, betri au njia yake ndiyo mbovu. Hili linaeleza pia kwa nini ofisi zinazozima soketi zote kila jioni, utaratibu mzuri kwa usalama, humaliza betri za bodi mapema kuliko zinazoacha umeme.

Pima kwa mita. CR2032 mpya hutoa volti 3 na kidogo juu. Ikishuka chini ya 2.7 mimi huibadilisha, hata kama bado inajikongoja. Lakini pima mara mbili: kwanza betri ikiwa mkononi, halafu ikiwa ndani ya kikalio chake, ncha za mita zikigusa vyuma vya kikalio na si betri. Nyumba za karibu na bahari, kuanzia Raskazone hadi Chumbageni, hewa yake ina chumvi. Utakuta betri ina volti 3.1 nje, na kikalioni mita inasoma chini zaidi, kisha ukisogeza taa unaona ukungu wa kijani kwenye kile kichuma kinachobonyeza ubavu wa betri. Betri mpya haitakusaidia hapo. Futa kijani kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa spiriti, kunja kichuma kidogo kibane, pima tena. Angalia pia aliyetangulia hakuweka CR2025. Kipenyo ni kilekile cha milimita 20, ila unene ni 2.5 badala ya 3.2, nayo hulegea kikalioni na kupoteza mguso kila meza ikitikiswa.

`cat /proc/driver/rtc` ina mstari wa `batt_status`. Ukisema si `okay`, iamini. Ukisema `okay`, bado pima.

Inachelewa au kuwahi kidogo kidogo

Dakika moja kwa mwezi si ugonjwa. Kristali yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni hupotea sekunde 1.7 kwa siku, karibu sekunde 52 kwa mwezi. Joto nalo lina mchango. Kristali hizi zimetengenezwa ziwe sahihi zaidi kwenye nyuzi 25 za Selisiasi, na zikiondoka hapo, kwa joto au kwa baridi, huchelewa. Kiasi cha kuchelewa hukua kwa mraba wa tofauti: 0.034 kwa milioni kwa kila nyuzi iliyozidishwa kwa nafsi yake. Ndani ya kasha lenye nyuzi 45, jambo la kawaida hapa kaskazi inapovuma na feni imejaa vumbi, ni kama 13.6 kwa milioni, sekunde 1.2 kwa siku. Safisha feni kwa ajili ya mashine nzima, saa itafaidika pia.

Swali la maana zaidi ni saa ipi inayopotea. Acha mashine ikiwaka mchana kutwa bila NTP, kisha linganisha `date` na `hwclock` dhidi ya simu.

RTC ikiwa inapotea na kerneli iko sawa, NTP ndiyo tiba ya kudumu. Mashine isiyo na intaneti kabisa, kama ya maabara ya shule iliyo mbali na mji, irekebishe kwa `sudo hwclock --systohc --update-drift` kila unapoiwekea saa sahihi. `hwclock` itajifunza inapotea kiasi gani kwa siku na kukiandika kwenye `/etc/adjtime`. Usichanganye njia hiyo na NTP, kwa kuwa kerneli ikianza kuandika RTC kila dakika 11, hesabu ile inakosa maana.

RTC ikiwa sawa na kerneli ndiyo inayopotea, tena kwa dakika nzima kwa siku, tatizo liko kwenye kihesabio. Angalia:

```
cat /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource
sudo dmesg | grep -i clocksource
```

Kerneli humlinda TSC kwa kumlinganisha na kihesabio kingine, na ikimkuta anapishana huandika `Marking clocksource 'tsc' as unstable` na kuhamia `hpet` au `acpi_pm`. Hiyo ni kerneli inayofanya kazi yake vizuri. Ubaya ni pale TSC inapopotea na kerneli isiligundue hilo. Jaribu kuihamisha kwa mkono:

```
echo hpet | sudo tee /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource
```

Saa ikitulia, weka `clocksource=hpet` kwenye mstari wa kuwashia kerneli, na utafute sasisho la BIOS la bodi hiyo. HPET ni nzito zaidi kusomwa kuliko TSC, kwa hiyo seva yenye hifadhidata kubwa itauona uzito huo.

NTP ipo lakini saa haijirekebishi

`System clock synchronized: no` siku nzima. Kwa chrony, programu inayoshughulikia NTP, andika `chronyc sources`. Seva yenye alama `^*` ndiyo iliyochaguliwa. Zote zikiwa `^?`, hakuna jibu linalorudi, na mara nyingi ruta au mtandao wa ofisi umefunga UDP mlango wa 123. Ongea na anayesimamia mtandao, na kama ofisi ina mashine nyingi, iteue moja iwe seva ya saa kwa zingine zote, yenyewe ikichukua kutoka `africa.pool.ntp.org`.

Majibu yakirudi na saa bado imekosea, huenda kosa ni kubwa na linarekebishwa polepole. Kerneli ikisogeza saa kwa utaratibu wake wa kawaida wa NTP haizidi sehemu 500 kwa milioni, kwa hiyo sekunde moja inachukua zaidi ya nusu saa, na kosa la saa nzima lingechukua siku 83. Kwa chrony, mstari `makestep 1.0 3` unaruhusu kuruka moja kwa moja kwenye vipimo vitatu vya mwanzo, na `sudo chronyc makestep` inairukisha sasa hivi. Hakikisha pia kuna `rtcsync` kwenye mipangilio, la sivyo kerneli haitapewa idhini ya kuandika RTC, na utaikuta saa sahihi mchana na mbovu kila asubuhi.

Raspberry Pi na bodi ndogo

Raspberry Pi ni kompyuta nzima kwenye bodi moja ndogo. Pi zote hadi ya 4 hazina RTC. Ya 5 inayo, ila betri unaiunganisha mwenyewe. Bila RTC, Pi huokoa wakati kwenye faili na kuendelea kutoka hapo, kwa hiyo dalili ni ileile ya saa kuchelewa kwa muda mashine iliyokuwa imezimwa.

Kipande chenye chipu ya saa ya DS3231 kinatatua hilo kwa gharama ndogo, na kwa joto letu nakipendekeza kuliko DS1307, kwa sababu hupima joto lake chenyewe na kujirekebisha: kosa lake ni 2 kwa milioni kati ya nyuzi 0 na 40. Kiunge kwenye pini za I2C, ongeza `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye `config.txt`, washa upya, andika `i2cdetect -y 1`. Ukiona `68`, chipu ipo ila dereva haijaishika. Ukiona `UU`, imeshikwa. Kisha ondoa `fake-hwclock` ili isiingilie.

Tahadhari moja nzito: vipande vingi vya bei nafuu vyenye maandishi ZS-042 vina saketi ya kuchaji betri, iliyokusudiwa LIR2032. Ukiweka CR2032, ambayo haichajiki, na kukilisha kipande volti 5, betri inaweza kuvimba na kuvuja. Tumia volti 3.3, au ng'oa kipinga kinacholisha saketi hiyo.

Ukikwama

Kabla hujamwita fundi mwingine au kuomba msaada, kusanya haya: tofauti na simu hadi dakika, mbele au nyuma, matokeo ya `timedatectl`, `hwclock --show --verbose`, `cat /etc/adjtime`, mistari ya `dmesg` yenye rtc na clocksource, volti za betri ikiwa nje na ikiwa kikalioni, kama kuna Windows kwenye diski, na kama soketi huzimwa usiku. Andika pia nani aliingia BIOS mara ya mwisho, na saa ngapi.